Wasichana na udaktari wa meno: tujue kwanza kizuizi kiko wapi

Kila mara matokeo ya kidato cha sita yanapotoka na vyuo vikuu kufungua dirisha la udahili, hoja moja hurudi mezani: wasichana ni wachache katika sayansi, kwa hiyo vyuo viwatengee nafasi. Hoja hiyo hutolewa kwa uhandisi, kwa udaktari wa binadamu na, kwa sauti ya chini zaidi, kwa udaktari wa meno. Anayeipinga hujibu kuwa alama ni alama, na kwamba mtu anayeuguza jino usiku kucha hana haja na jinsia ya atakayemng'oa asubuhi. Pande zote mbili hubishana kuhusu mlango wa chuo kana kwamba hapo ndipo kila kitu kinapoamuliwa. Ninachokitetea hapa ni kwamba, kabla hatujaamua kifanyike nini mlangoni, tujue kizuizi chenyewe kimekaa wapi. Kuna kizuizi cha wazi kilichowekwa mlangoni, kuna kilichofichwa ndani ya ofisi ya udahili, na kuna kilichomsimamisha msichana miaka mitano kabla hajajaza fomu. Kila kimoja kina dawa yake. Kwa Tanzania, kizuizi kikubwa ni hicho cha tatu, na huko ndiko fedha na nguvu zetu zinakopaswa kwenda. Mlangoni tunachohitaji kwa sasa ni uwazi.

Udaktari wa meno unastahili kutazamwa peke yake kwa sababu nafasi zake ni chache mno. Tanzania ilianza kufundisha madaktari wa meno wa shahada pale Muhimbili mwaka 1979, wakati kitivo cha tiba kikiwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nairobi ilikuwa imetangulia katikati ya miaka ya 1970, na Makerere ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kwa miongo kadhaa, Muhimbili, ambayo tangu 2007 ni Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi, ndiyo iliyobeba mzigo wa kuwaandaa wataalamu hao nchini, kwa madarasa madogo. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2022 kuhusu afya ya kinywa, lilikadiria kuwa watu wapatao milioni 480 katika Kanda ya Afrika wana maradhi ya kinywa na meno, ilhali kanda nzima ina madaktari wa meno 0.33 kwa kila watu 10,000. Huyo ni daktari mmoja kwa watu wapatao 30,000, sawa na sehemu moja ya kumi ya wastani wa dunia. Kwetu, maji yenye floraidi nyingi huko Arusha, Kilimanjaro na sehemu nyingine za Bonde la Ufa hubadili rangi ya meno ya watoto tangu yanapoota. Kwingine bado kuna imani ya meno ya nailoni, ambapo ufizi wa mtoto mchanga mwenye homa au kuhara hukatwa ili kutoa meno ambayo hayajaota. Nchi yenye mzigo wa namna hii haina anasa ya kuacha vipaji njiani, viwe vya kike au vya kiume.

Tuanze na kizuizi cha wazi, ambacho historia yake inajulikana vizuri zaidi Marekani. Mwaka 1861 Lucy Hobbs aliomba kusoma katika chuo cha upasuaji wa meno cha Ohio, mjini Cincinnati, akakataliwa kwa kuwa ni mwanamke. Alijifunza kazi kwa madaktari binafsi, akafungua chumba chake cha matibabu, akafanya kazi kwa miaka kadhaa katika jimbo la Iowa, na ni chama cha madaktari wa meno wa jimbo hilo kilichoshinikiza chuo kimpokee mwaka 1865. Mapema mwaka 1866 alihitimu, akawa mwanamke wa kwanza Marekani kupata shahada ya udaktari wa meno. Uingereza ilichelewa zaidi. Lilian Murray, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la ndoa la Lindsay, alipokwenda kuomba nafasi katika hospitali ya meno mjini London mwaka 1892, mkuu wa chuo alimhoji nje, kando ya barabara, asije akawashughulisha wanafunzi wa kiume ndani. Alikwenda Edinburgh, akafuzu mwaka 1895, na mwaka 1946 akawa rais wa kwanza mwanamke wa chama cha madaktari wa meno cha Uingereza. Hakuna aliyewaambia wanawake hao kwamba alama zao hazitoshi. Waliambiwa hawatakiwi.

Jambo la kushangaza ni kwamba zaidi ya miaka 100 baada ya Hobbs kuhitimu, hali ya Marekani ilikuwa karibu ileile. Mwaka 1970 wanawake walikuwa kama asilimia 2 tu ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika vyuo vya meno vya nchi hiyo. Walioridhika na hali hiyo walikuwa na maelezo tayari: kung'oa jino kunataka nguvu, kusimama siku nzima kunachosha, na wanawake wenyewe hawaipendi kazi hii. Maelezo hayo yangekuwa na uzito kama si Ufini na Umoja wa Kisovyeti, ambako wakati huohuo wengi wa madaktari wa meno walikuwa wanawake. Meno ya Helsinki na Moscow hayana mizizi milaini kuliko ya Chicago. Kisha sheria zikabadilika. Mwaka 1971 Bunge la Marekani lilizuia ubaguzi wa jinsia katika vyuo vya afya vinavyopokea fedha za serikali kuu, na Juni 1972 sheria maarufu kama Title IX ikapanua katazo hilo katika elimu kwa ujumla. Kufikia mwaka 1980 wanawake walikuwa karibu mmoja kwa kila wanafunzi watano wapya wa udaktari wa meno, na mwishoni mwa miaka ya 2010 walivuka nusu. Haiwezekani kwamba vipaji vya wasichana wa Marekani vilizaliwa ndani ya muongo mmoja. Vilikuwepo, vikazuiwa, zuio lilipoondolewa, idadi ilipanda yenyewe. Palipo na kizuizi cha namna hii, sheria inayokiondoa inatosha kuanzisha mabadiliko.

Kizuizi cha pili ni kigumu kukiona kwa sababu huvaa nguo za haki. Mfano ulio dhahiri zaidi unatoka katika udaktari wa binadamu nchini Japani, lakini funzo lake linaihusu fani yoyote inayodahili kwa ushindani. Mwaka 2018, uchunguzi wa rushwa iliyomhusisha ofisa wa wizara ya elimu uliibua jambo ambalo halikutarajiwa: Chuo Kikuu cha Tiba cha Tokyo kilikuwa kikichezea alama za mtihani wa kujiunga, kwa miaka isiyopungua 10, ili wanawake wasizidi idadi fulani. Hoja iliyotolewa kichinichini ilikuwa kwamba wanawake huolewa, huzaa, kisha huacha kazi na kuziacha hospitali na upungufu. Chuo kingine, Juntendo, kilieleza kuwa kiliwawekea wasichana kiwango cha juu zaidi kwa sababu eti hukomaa mapema katika kujieleza, hivyo huwazidi wavulana kwenye usaili. Katika mtihani wa 2018, chuo cha Tokyo kiliwapokea asilimia 8.8 ya wavulana walioomba, na asilimia 2.9 tu ya wasichana. Mwaka uliofuata, mkono wa siri ukiwa umeondolewa, waliofaulu walikuwa asilimia 19.8 ya wavulana na asilimia 20.2 ya wasichana. Mtihani uliosahihishwa kwa haki ulitosha kuondoa pengo lote.

Kesi ya Japani inawahusu hasa wale wanaosema kwamba mfumo wa alama hauwezi kuonea mtu. Mfumo wa alama unaweza kuonea vizuri sana iwapo hakuna anayeruhusiwa kuona hesabu zake. Udanganyifu wa Tokyo haukugunduliwa na wizara wala na walimu wa chuo. Uligunduliwa kwa ajali, watu wakitafuta kosa jingine. Wasichana walioshindwa kwa miaka hiyo yote waliamini kuwa hawakusoma vya kutosha. Kinachowalinda waombaji, basi, ni takwimu zilizo hadharani: wangapi waliomba, wangapi walikuwa na sifa, wangapi walichaguliwa, kwa kila jinsia na kwa kila programu. Chuo kikijua kwamba hesabu hizo zitasomwa na umma kila mwaka, hakuna ofisa atakayethubutu kuziharibu kimyakimya.

Sasa tuje nyumbani. Kwetu mlango wa udaktari wa meno haujafungwa kwa sheria, na utaratibu wake unafahamika. Mwombaji anatakiwa awe amefaulu Fizikia, Kemia na Baiolojia katika kidato cha sita, au awe na stashahada inayohusiana yenye ufaulu mzuri. Tume ya Vyuo Vikuu huweka sifa za chini, vyuo huchagua kwa kushindanisha alama. Kwa kuwa wanaoomba ni wengi kuliko nafasi, alama za anayechaguliwa huwa juu kuliko kiwango cha chini kilichoandikwa kwenye mwongozo. Msichana mwenye alama hizo hana anayemwambia arudi nyumbani kwa kuwa ni msichana. Swali letu, basi, ni kwa nini wasichana wanaofika mlangoni wakiwa na alama hizo wamekuwa wachache kuliko wavulana. Katika shule za sekondari za kawaida wasichana wameshawafikia wavulana kwa idadi, hata kuwapita, hasa tangu ada ilipofutwa kidato cha kwanza hadi cha nne mwaka 2016. Lakini katika kidato cha tano na sita wavulana wameendelea kuwa wengi kwa miaka mingi, na katika tahasusi zenye Fizikia pengo ni kubwa zaidi. Hapo katikati, kati ya kidato cha pili mwanafunzi anapoamua kuendelea na Fizikia au kuiacha na kidato cha tano anapopangiwa tahasusi, ndipo madaktari wetu wa meno wa kike wanapopotelea.

Sababu zake si fumbo. Shule isiyo na maabara humfundisha mwanafunzi Kemia ya ubaoni, na mwalimu wa Fizikia akihama hakuna anayejua atakayekuja lini. Hayo humkuta mvulana pia. Lakini juu yake msichana hubebeshwa ya ziada: kazi za nyumbani jioni wakati kaka yake yuko kwenye masomo ya ziada, mwendo mrefu wa kwenda na kurudi kwa njia za hatari, vyoo visivyo na maji siku za hedhi, na mwalimu anayemwambia kwa nia njema kabisa kwamba Historia itamfaa zaidi. Hadi Novemba 2021, serikali ilipotangaza kuwa wanaojifungua wanaweza kurudi katika mfumo rasmi, mimba moja ilitosha kumfungia msichana shule ya umma moja kwa moja, ilhali mvulana aliyehusika aliweza kuendelea na masomo yake. Msichana aliyeiacha Fizikia kidato cha pili kwa sababu mojawapo ya hizo hataonekana kamwe katika takwimu za waliokosa udaktari wa meno, kwa kuwa hakuomba. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha nafuu kwa mchukuzi, na ndiyo maana kelele ni ndogo: kila msichana anayedondoka njiani huwapunguzia mbio wanaobaki, na chuo hakipati barua ya malalamiko.

Nchi yetu iliwahi kuona jinsi kanuni isiyotaja jinsia inavyoweza kuwaumiza wasichana zaidi. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka anayemaliza kidato cha sita afanye kazi kwa miaka miwili kabla ya kujiunga na chuo kikuu. Nia ilikuwa njema, na maneno yake yaliwahusu wote kwa usawa. Lakini miaka miwili nje ya shule, katika umri wa kuolewa, haina uzito uleule kwa msichana na mvulana. Idadi ya wanawake waliojiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilishuka, na serikali ikalazimika kuwaondolea wasichana sharti hilo. Hakuna aliyedai kwamba kwa kuwaondolea sharti taifa lilishusha elimu. Lilitambua kizuizi kilipo, likakitoa.

Hapa ndipo mtetezi wa alama za nyongeza atakaposema: kama wasichana wamebeba mzigo zaidi, kwa nini chuo kisiwaongezee alama ili kufidia? Uganda ilifanya hivyo. Mwaka 1990 Makerere ilianza kumwongezea kila mwombaji wa kike alama 1.5, na kwa ujumla idadi ya wanawake chuoni ilipanda, kutoka kiasi cha robo hadi kukaribia nusu katika miaka iliyofuata. Hayo si mafanikio ya kubezwa. Lakini mambo mawili yalijitokeza. Kwanza, nyongeza ilisaidia sana katika masomo ya sanaa na sayansi za jamii, kuliko katika sayansi na uhandisi, kwa sababu alama moja na nusu haiwezi kumsaidia msichana ambaye hakusoma Fizikia kabisa. Pili, walionufaika zaidi walitoka shule bora za Kampala na maeneo jirani, watoto wa familia zenye uwezo, huku msichana wa wilaya za mbali akibaki alipokuwa. Nyongeza inayotolewa kwa jinsia pekee humfuata msichana aliyekwisha kufika karibu na mlango. Inaweza hata kumweka binti wa shule ya kulipia yenye maabara tatu mbele ya mvulana wa shule ya kata asiyewahi kushika darubini, na kuiita hatua hiyo haki.

Kuna tatizo jingine ambalo linaigusa fani ya meno zaidi ya nyingine. Darasa likiwa dogo, kila mmoja anajua nani ameingiaje. Tumeona katika siasa zetu jinsi mbunge wa viti maalumu anavyolazimika kuthibitisha kila siku kwamba ni mbunge kamili, hata anapofanya kazi kuliko wenzake wa majimbo. Daktari hawezi kujengewa jina la namna hiyo. Mgonjwa anafumbua kinywa mbele ya mtu mwenye sindano na mashine ya kutoboa. Akiwa na shaka kidogo tu, hatarudi. Wasichana wenye alama za juu, ambao wapo, wangechafuliwa na nyongeza ambayo hawakuihitaji.

Dawa iliyo bora zaidi ilishajaribiwa hapahapa. Katika miaka ya 1990, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha mafunzo ya awali kwa wasichana wa sayansi waliokosa kidogo alama za kuingia. Waliitwa chuoni, wakafundishwa kwa wiki kadhaa, kisha wakafanya mtihani. Waliofaulu ndio waliopokelewa. Tofauti yake na nyongeza ya Makerere ni ya msingi. Nyongeza hubadili karatasi ya matokeo, mafunzo ya awali humbadili mwanafunzi. Anayeingia kwa njia hiyo hana haja ya kuona aibu, kwa sababu amepita mtihani kama mwingine yeyote. Mpango kama huo kwa udaktari wa meno, wenye mazoezi ya maabara ya Kemia na Baiolojia na wenye nafasi kwa wanafunzi kutoka shule zenye uhaba mkubwa, ungekuwa na maana kubwa kuliko alama yoyote ya bure. Na kwa kuwa kigezo chake kinaweza kuwa shule atokayo mwanafunzi, hakuna sababu ya kumfungia nje mvulana wa shule hiyohiyo. Wasichana wangekuwa wengi humo kwa kuwa wao ndio walioachwa nyuma zaidi.

Pingamizi zito kuliko yote ni lile la Tokyo, ambalo husemwa pia kwetu kwa lugha ya mtaani: tunamsomesha kwa miaka 5, anafanya mwaka wa utarajali, kisha anaolewa na kukaa nyumbani, nafasi imepotea. Pingamizi hili lisijibiwe kwa hasira, kwa maana lina ushahidi. Pakistani iliwahi kuweka idadi ndogo ya viti kwa wasichana katika vyuo vya udaktari, na mwaka 1990 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaamua kuwa katika vyuo vya mchanganyiko hilo ni ubaguzi; ushindani ukawa wa alama tupu. Wasichana wakawa wengi madarasani. Hata hivyo, utafiti wa nguvukazi wa mwaka 2020 na 2021 ulionyesha kwamba karibu theluthi moja ya wanawake wenye shahada ya udaktari nchini humo hawakuwa kazini. Hiyo ni hasara kubwa kwa nchi yenye wagonjwa wengi. Lakini ukiuliza walikokwenda, unakuta zamu za usiku zisizo na usafiri salama, hospitali zisizo na mahali pa kumwachia mtoto, na familia za wakwe zilizotaka cheo cha daktari bila kazi ya udaktari. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotibiwa kwa kumnyima msichana mwingine nafasi ya kusoma.

Zaidi ya hapo, tukikubali kanuni kwamba nafasi ipewe yule tunayebashiri kuwa atabaki kazini, tuifuate mpaka mwisho. Wapo madaktari wa kiume wanaohamia biashara, siasa, mashirika ya kimataifa au nchi za nje. Wapo wanaokataa kupangiwa wilaya za mbali na kurundikana Dar es Salaam na Arusha. Hatujawahi kumkatia mvulana alama kwa kudhani kwamba siku moja atagombea ubunge. Kumhukumu mtu mmoja kwa wastani wa kundi lake ni kosa lilelile, awe amekatiwa alama kwa kuwa ataolewa au amesifiwa kwamba wanawake wana mikono laini na huruma kwa watoto. Sifa hiyo ya pili husemwa sana na watu wanaodhani wanasaidia. Wapo wanawake wenye mkono mzito na wanaume wenye subira ya ajabu. Kinachopimwa kiwe kazi ya mtu mwenyewe. Na udaktari wa meno, kati ya fani zote za tiba, ndio unaoruhusu zaidi kupanga saa: wagonjwa wengi huja kwa miadi ya mchana, dharura za usiku ni chache kuliko za wodi ya wazazi. Kama kuna fani ambayo mama anaweza kuendelea nayo iwapo mwajiri ataweka ratiba ya busara, ni hii.

Pingamizi la mwisho hutazama mbele: kama Marekani wanawake wamevuka nusu, na Pakistani wavulana wameanza kuwa wachache, je, sisi nasi hatutafika mahali pa kuwatengea wavulana viti? Jibu langu ni lilelile, na ndiyo sababu ya kusisitiza kanuni kabla ya idadi. Nusu kwa nusu darasani ni dalili, si lengo la kulazimishwa. Siku wavulana wakipungua, tuulize kwanza kizuizi kiko wapi: ni mlangoni, ni ndani ya ofisi, au ni shuleni ambako wameacha masomo kwenda machimboni na kwenye bodaboda? Dawa itategemea jibu. Tena tusidanganywe na darasa lililojaa. Nchini Marekani, pamoja na wanawake kuwa zaidi ya nusu ya wanafunzi wapya, walio kazini bado ni chini ya nusu ya madaktari wa meno wote, kwa sababu kizazi cha zamani bado kipo. Na katika upasuaji wa kinywa na taya wanaume wanaendelea kutawala kwa mbali. Anayehesabu waliodahiliwa pekee atatangaza ushindi mapema mno.

Kwa hiyo ninapendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalodai kumpunguzia mtu alama. Kwanza, kila chuo kinachofundisha udaktari wa meno kitangaze kila mwaka, kwa jinsia, idadi ya walioomba, waliokuwa na sifa, waliochaguliwa na waliohitimu. Tume ya Vyuo Vikuu inaweza kulifanya hili kuwa sharti kwa waraka mmoja tu. Pili, yaanzishwe mafunzo ya awali yenye mtihani, kwa wanafunzi wa Fizikia, Kemia na Baiolojia waliokosa alama kidogo, wakipewa kipaumbele wanaotoka shule zisizo na maabara kamili. Tatu, ipanuliwe njia ya matabibu wa meno wenye stashahada, ambao wameshathibitisha kwenye vituo vya afya kwamba kazi wanaiweza, ili wafikie shahada bila kurudi kidato cha tano. Nne, na hili ndilo kubwa, fedha za kuinua wasichana zielekezwe kidato cha pili hadi cha nne. Ufadhili wa masomo wa Rais Samia, unaotolewa tangu 2022 kwa waliofanya vizuri zaidi katika sayansi kidato cha sita, ni jambo jema, lakini kwa asili yake humfikia msichana aliyekwisha kuvuka kizuizi. Kufutwa kwa ada ya kidato cha tano na sita mwaka huohuo nako kumewafaa waliofika huko. Bweni, maji, maabara na mwalimu wa Fizikia asiyehamahama ndivyo vitakavyowafikia ambao bado hawajavuka.

Serikali ikifanya hayo, takwimu zitatuambia ndani ya miaka michache kama nimekosea. Iwapo wasichana wenye sifa watakuwa wengi na bado hawachaguliwi, basi kizuizi kitakuwa kimejulikana kiko mlangoni, na nitakuwa wa kwanza kudai sheria kali kama ile ya Marekani ya 1972. Iwapo watachaguliwa kwa uwiano wa walioomba, vyuo vitakuwa vimesafishika na macho yote yatageukia shule za sekondari, ambako wizara haitakuwa na pa kujificha. Kwa vyovyote vile, mabishano ya kila mwaka kuhusu nani apendelewe yatakuwa yamepata kitu ambacho hayajawahi kuwa nacho: hesabu zinazoweza kumwonyesha kila mmoja wetu kwamba hoja yake ni sahihi au si sahihi.